Konokono, tango na mkono wa Bibi

Bibi yangu ni mzaliwa wa Newala, kule juu uwandani ambako mvua ikinyesha maji hayatuami, yanazama kwenye mchanga na kwenda kutokea mabondeni. Wanawake wa rika lake waliteremka genge usiku na kupanda nalo asubuhi, mtungi kichwani, na tone likimwagika njiani lilikuwa na hadithi yake. Kwa hiyo siku aliyohamia kwangu Chikongola, hapa Mtwara mjini, akakuta sebuleni lita 90 za maji masafi zimefungiwa ndani ya kioo kwa ajili ya samaki wasioliwa, alisimama mlangoni muda mrefu kidogo.

"Mume wangu," akaniuliza, "hawa wanafanya kazi gani?"

Nikamwambia wanapendeza. Akaitikia, kwa sababu Bibi ni mtu wa adabu. Sheria moja tu aliiweka siku ileile: maji ninayopunguza kwenye tangi yasimwagwe barabarani. Tangu hapo kila ndoo inakwenda kwenye tuta lake la mchicha nyuma ya nyumba, na mchicha wa maji ya samaki, nawaambia, una majani kama masikio ya punda.

Tangi lenyewe si la duka. Fundi vioo alikata vipande, akavibandika kwa silikoni, sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Samaki wenyewe, wadogo wa mapambo, gapi 12 na moli 4, walitoka Dar es Salaam kwa basi, kwenye mifuko ya plastiki nusu maji nusu hewa, ndani ya boksi la povu lile la kubebea samaki wa kula. Majani ndiyo yaliyoniponza. Rafiki yangu analima mpunga Kitere, na siku moja akaniletea kwenye ndoo fungu la majani ya majini, yale yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, pamoja na kijiyungiyungi kimoja. Bure kabisa. Niliyasuuza mara moja kwenye beseni nikayatumbukiza.

Konokono wa kwanza nilimpenda. Alikuwa mdogo kama punje ya mtama, anapanda kioo taratibu na nyuma yake anaacha njia safi kwenye ukungu wa mwani. Nikampiga picha, nikaweka status. Watu wakaweka mioyo.

Baada ya wiki sita nilikuwa nikiwasha taa usiku naona kioo kinatembea.

Walikuwa wa namna tatu, na kuwatenganisha kuna faida kwa sababu kila mmoja ana ujanja wake. Kuna mwenye ganda jembamba linalong'aa, ncha kali, anayekimbia kuliko unavyodhania konokono anaweza kukimbia; kwa kitaalamu ni Physella acuta. Kuna bapa, aliyejikunja kama kamba iliyozungushwa sakafuni. Na kuna mrefu kama skrubu, Melanoides tuberculata, ambaye mchana humwoni kwa sababu analala ndani ya mchanga.

Huyu wa skrubu wafugaji wa nje wanamwita konokono wa Malaysia. Nilicheka niliposoma hilo, maana asili yake ni Asia na Afrika pia, na kwenye mito na maziwa yetu amekuwepo siku zote bila kuomba pasi ya kusafiria. Yule mwenye ncha naye ana kisa chake. Mwaka 1805 Mfaransa Draparnaud alimwandika kama konokono wa Ufaransa, kumbe kwao ni Amerika Kaskazini, mhamiaji aliyekwishazoea. Leo yuko karibu kila mahali penye maji yaliyotulia na watu.

Wanavyozaana ndiyo balaa. Mwenye ncha ana jinsia zote mbili mwilini, na akikosa mwenza anajitosheleza mwenyewe. Anabandika mayai kwenye jani au kioo ndani ya ute unaofanana na tone la uji wa muhogo, na ukiangalia karibu utaona vidoto kumi, ishirini, hata zaidi. Kwa joto la Mtwara, ambapo tangi langu halishuki chini ya nyuzi 27 bila hita yoyote, wiki moja inatosha mengi yao kuanguliwa. Wa skrubu hatagi kabisa. Anazaa watoto wenye magamba tayari, na jike anaweza kuzaa bila dume. Mmoja tu akibaki mchangani, umerudi mwanzo. Ongeza na maji ya kisima chetu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika: chokaa ileile inayoniharibia birika ndiyo tofali la ganda la konokono.

Hadi hapo nilikuwa nakereka tu. Hofu ililetwa na mteja.

Mimi ni fundi simu. Siku hiyo alikuja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya afya vijijini, ananisubiri nimbadilishie kioo cha simu, nikawa namsimulia mkasa wangu. Akauliza konokono wametoka wapi. Nikasema Kitere, kwenye majaruba. Akanitazama mikono. "Na mkono unaingiza humo?"

Kila Jumapili, hadi kwenye kiwiko.

Mtu aliyekulia huku pwani ya kusini hahitaji kuelezwa kichocho. Darasani kwetu mvulana aliyekojoa damu hakuonwa mgonjwa, alionwa amekua. Tulipangwa mstari, tunapimwa urefu kwa kijiti chenye alama, na urefu wako ndio unaoamua umeze vidonge vingapi vya prazikwanteli, vile vikubwa vichungu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba konokono anayebeba kichocho chetu cha mkojo, anayeitwa Bulinus, anamfanana sana huyu mwenye ncha kwenye tangi langu.

Nikachukua konokono kumi kwenye kopo kwa kijiko, sio kwa mkono, nikaenda nao kazini. Hadubini yangu ya mezani naitumia kuchomelea vitu vidogo kuliko punje ya ulezi. Ganda la konokono chini yake lilionekana kubwa kama pweza wa feri. Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji hata hadubini. Shika ganda, ncha iangalie juu, mdomo wa ganda ukuelekee wewe. Konokono wengi mdomo unakuwa mkono wa kulia. Wa skrubu wangu, kulia. Mwenye ncha, kushoto. Na Bulinus, kushoto vilevile! Ndiyo maana watu wanachanganya.

Tofauti iko ndani. Yule mwenye ncha ana ganda linalong'aa kama limepakwa mafuta, unaona madoa ya manjano ya mwili kupitia humo, na damu yake haina rangi. Bulinus ni wa ukoo mmoja na wale bapa, damu yake ni nyekundu kama yetu, ganda lake limefifia na ni nene kidogo, tumbo limejaa. Kati ya kumi wangu, wanane walikuwa wang'aavu. Wawili walikuwa wakubwa, wamefifia, wa kushoto, na mmoja aliyepasuka nilipomshika na kibanio aliacha doa jekundu kwenye kioo. Nikaweka kibanio chini na kwenda kunawa kwa sabuni, mara mbili.

Hapa inabidi nieleze mzunguko wake, kwa sababu ningeuelewa siku ile nisingefanya upumbavu nilioufanya jioni yake. Mayai ya kichocho yanaingia majini na mkojo wa mtu mgonjwa. Yanaanguliwa, na kile kidudu kinachotoka kina saa chache tu, siku moja ikizidi sana, kumpata konokono. Kikimpata, kinakaa ndani yake wiki kadhaa kinaongezeka, kisha vinatoka vidudu vingine, mamia hadi maelfu kwa siku, hasa jua likiwa juu, vinatafuta ngozi ya mtu. Hivyo navyo visipopata mtu ndani ya siku moja au mbili vinakufa. Maana yake ni nini kwa tangi la sebuleni? Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi hana kichocho, kwa sababu hakuna anayekojoa humo. Wa kuogopwa ni wale waliokuja wenyewe na ndoo kutoka jarubani, na hao idadi yao ilikuwa ya vidole. Ningewatoa kwa kijiko, nikakaa bila kuingiza mkono, yakaisha.

Badala yake nikanunua mrututu.

Mrututu kila mtu anaujua: mawe ya buluu, akina bibi walikuwa wanaugusisha kwenye vidonda sugu, wakulima wanautumia dhidi ya ukungu. Ni shaba na salfa, na shaba inaua konokono kweli, hilo si uongo. Jirani yangu, mwenye mikorosho Nanguruwe, alitaka nitumie salfa yake ya unga, ile wanayoipulizia dhidi ya ubwiri unga. "Kama inaponya mkorosho itashindwa konokono?" Nilimkatalia kwa ufahari, nikijiona mtaalamu, nikasaga kipande cha mrututu sawa na ukucha wa kidole kidogo. Kipimo gani? Cha macho.

Usiku ule konokono walipanda juu ya maji kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua. Wengine walitoka kabisa nikawaokota sakafuni. Asubuhi mchanga ulikuwa mweupe kwa magamba, nikaenda kazini nafurahi.

Sikufikiria mizoga. Konokono mia tatu au nne waliokufa kwa pamoja ndani ya lita 90 ni nyama inayooza kwenye sufuria isiyo na moto. Kinachotoka hapo ni amonia, na samaki hawezi kuikimbia. Jioni niliporudi, nyumba ilikuwa na harufu ya soko la samaki saa kumi na mbili, moli wote wanne wamelala ubavu, gapi wanapumulia juu. Sijui waliuawa na shaba au na uozo wa nilichokiua. Katika maji yaleyale vyote viwili vilikuwepo. Nilibadilisha nusu ya maji usiku huo kwa yaliyokuwa yametulia kwenye pipa, asubuhi nusu nyingine, nikawasukuma gapi saba hadi upande wa pili wa wiki. Majani ya Kitere yaligeuka mlenda. Mchanga niliutoa wote nikauosha beseni kwa beseni.

Bibi hakusema neno. Alikuja na ndoo yake kuchukua maji kwa ajili ya mchicha, nikamwambia hapana, haya yana sumu. Akaitazama ndoo tupu, akanitazama mimi. Ningependa angenisema tu.

Baada ya wiki tatu nikawasha taa usiku, na kwenye kioo akawa anapanda mmoja, mdogo kama punje ya mtama.

Yale mayai ndani ya ute yana kinga yake, na wa skrubu ana kifuniko anachokifunga mlangoni kama mtu anayezima simu. Alijifungia mchangani mwangu, akapita katika beseni langu, akangoja. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa fulani inamaliza konokono kwa siku moja, muulize siku ya 20 ilikuwaje.

Kuhusu kichocho nimalize hapa, maana sitaki msomaji akae na wasiwasi niliokaa nao. Nilikwenda kupima. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu minyoo inahitaji muda ikomae ndipo itage, na nipeleke mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Nikarudi. Hakuna kitu. Na wale wakubwa waliofifia sijawaona tena tangu mrututu, huo ndio wema pekee uliofanya.

Niliporudi kwenye konokono wa kawaida nilikuwa nimetulia zaidi, nikaanza kuuliza swali ambalo ningeanza nalo: wanakula nini? Konokono hawatoki hewani. Idadi yao ni idadi ya chakula. Gapi saba ni samaki wadogo mno, tonge lao la siku linakaa kwenye ncha ya kisu, na nilikuwa nikiwapa hivyo asubuhi, wanamaliza kabla sijafunga kopo. Mwani ulikuwepo kwa sababu dirisha linapiga jua la saa tisa. Nikaweka pazia zito. Bado konokono wananenepa. Hesabu haikukubali.

Jibu nililipata siku umeme ulikatika mtaani, nikafunga kibanda mapema. Nikaingia sebuleni kimyakimya. Bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, bakuli mapajani, anavunja mkate wa kumimina vipande vidogovidogo, anavidondosha majini huku anazungumza nao Kimakonde, kwa sauti ile ya kuzungumza na watoto wanaojaribu kutembea. Pembeni ya bakuli kulikuwa na kidonge cha ugali kikisubiri zamu yake.

Mkate wa kumimina! Unga wa mchele, nazi, sukari, hamira. Gapi anaunusa na kuuacha, unazama, na chini kuna kijiji kizima kimekaa jamvini.

Nikamwambia, kwa taratibu zote, Bibi, hawa wameshashiba.

"Aliyeshiba hamfuati mtu," akajibu. Akasogeza kidole kwenye kona ya kioo. Gapi wote saba wakakifuata. Akakipeleka kona ya pili, wakafuata. Akanitazama kama wakili aliyemaliza.

Kuna mambo ambayo hakuna maelezo ya wafugaji wa nchi za nje yanayoyagusa. Wote wanasema punguza chakula, na wako sahihi, mstari mmoja tu. Lakini wanamwandikia mtu anayeishi na samaki peke yake. Kwetu, mama yake mama yako, aliyepitia miaka ambayo ming'oko ya porini ndiyo iliyofikisha watoto hadi mavuno, ameona kiumbe kinamfuata kwa macho, na wewe unataka kumwambia asimpe? Nilimwomba mama mdogo azungumze naye kwa simu. Mama mdogo alicheka hadi salio likaisha.

Kwa wiki mbili nikatafuta njia za kuzunguka. Nilisoma kuhusu konokono muuaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, yule mwenye mistari ya manjano na kahawia anayekula wenzake. Ni dawa nzuri kwa wanaoweza kumpata. Mimi namwona kwanza akitoroka na ndoo ya maji kuelekea mtaroni. Wengine wanafuga samaki wa Indonesia wanaonyonya konokono kutoka kwenye ganda, lakini huyo akikua vizuri anafika sentimita 30, nusu ya urefu wa tangi langu.

Samaki aliyenivutia ni wa kwetu, au karibu na kwetu. Ziwa Nyasa, huko barabara hii ya Mtwara inakoishia Mbamba Bay, lina samaki anayeitwa Trematocranus placodon, mwenye meno ya kooni kama mawe ya kusagia, kazi yake kubwa ni kupasua konokono. Upande wa Malawi watafiti walifuatilia: samaki hawa walipovuliwa kupita kiasi karibu na fukwe, konokono wanaobeba kichocho wakaongezeka, na kichocho kikapanda kwa watu wa pale. Nyavu ilipopita kwenye samaki, ugonjwa ukapita kwenye mkojo wa watoto. Nimelifikiria sana jambo hilo, kuliko lilivyostahili kwa mtu mwenye gapi saba.

Ufumbuzi uliletwa na bata.

Binti wa shangazi yangu alimletea Bibi bata watatu kwenye tenga, zawadi, wakaachiwa uani. Asubuhi moja nikaokota konokono watano kwenye kioo kwa kijiko, nikawatupa nje bila kufikiri. Bata walikuja mbio na mabawa wazi. Waliwameza na magamba yao, kisha wakasimama mbele yangu, shingo zimepinda upande, wananifuata kwa macho.

Bibi alikuwa mlangoni. Nikamwona anaona.

Mtego wenyewe ni wa kizamani na hauna gharama. Kipande cha tango, unene wa kidole, unakichovya kwenye maji ya moto kwa dakika moja kilainike, unakichoma uma ili kizame, unakiweka sakafuni mwa tangi ukishazima taa. Konokono ni watu wa usiku. Wa skrubu hasa, mchana hutamtoa mchangani kwa fimbo, lakini giza likiingia anafuata harufu ya tango. Siri ni kukitoa kabla ya mwanga, wakati wamekibandika kama kupe. Ukichelewa hadi saa mbili unakuta tango limeliwa na wenyewe wamekwenda kulala; umewalisha tu. Mimi siamki saa kumi na nusu usiku kwa ajili ya konokono. Lakini katika nyumba yangu kuna mtu anayeamka saa kumi na nusu kila siku ya Mungu.

Sikumwambia aache kulisha samaki. Nilimkabidhi. Nilimpa kopo la chakula na kijiko kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya watoto ya maji, nikamwambia Bibi, kuanzia leo mlezi wa hawa ni wewe peke yako, mimi sigusi. Kijiko hiki nusu, mara moja, baada ya chai. Mkate na ugali, bata wanausubiri. Na alfajiri ukishaswali, utoe tango, uwape bata kilichopo juu yake. Aliuliza swali moja tu: na Jumapili? Nikamwambia Jumapili samaki wanafunga. Akaona ni utaratibu mzuri.

Hakuhesabu kwa daftari. Alitafuta kopo la maziwa, na kwa kila konokono kumi anadondosha korosho moja mbichi, yenye ganda. Wiki ya kwanza kopo lilikuwa linapokea korosho 12, 14 kwa alfajiri moja. Wiki ya pili hazikupungua nikaanza kukata tamaa, hadi nikakumbuka yale mayai: waliokuwa wanatoka sasa ni walioanguliwa baada ya mtego kuanza. Lazima uvuke kizazi kimoja, na kwa joto letu mtoto anakuwa mzazi ndani ya mwezi mmoja na kitu. Wiki ya nne zikawa korosho 6. Mimi kazi yangu ikabaki Jumapili: kukwangua vile vidonge vya ute kwenye kioo kwa kadi ya simu ya zamani, na kunyonya uchafu wa chini kwa mpira. Wiki ya saba ilikuwa korosho 1, na siku nyingine hata konokono kumi hawakutimia, Bibi akawa anabakiza deni la kesho.

Niseme na habari ya majani, maana nilirudia kuyaweka, safari hii sikuyaamini. Kila jani jipya linapita kwenye ndoo yenye shabu. Shabu ya kinyozi, ile ya kusafishia maji ya mto, msije mkaandikiwa ripoti polisi. Naisaga, vijiko vitatu vya chakula kwa lita 4 za maji, majani yanalala humo usiku kucha na mchana wake, kisha nayasuuza na kuyaweka kwenye maji matupu siku kadhaa nikiangalia ute. Nilijaribu pia jiki, sehemu moja kwa maji 19, dakika mbili na si zaidi. Yungiyungi lilivumilia, yale majani ya brashi yakafa papo hapo. Ndoo ya maji ya jiki ndiyo pekee ambayo Bibi haruhusiwi kuipeleka kwenye mchicha, na amenifanya nichore alama ya msalaba mwekundu ubavuni mwake. Yakitoka Kitere sasa, rafiki yangu anaambiwa ayakung'ute hukohuko, na mimi sirudishi hata kipande cha jani la tangi langu mtoni.

Sijawamaliza. Konokono wachache wamo, naona mmoja au wawili wakipanda kioo jioni, na kioo kinabaki safi bila mimi kukikwangua. Hao nimewaacha. Gapi wamezaa, wako ishirini na kitu. Ilikuwa imekwisha, kwa upande wangu.

Juzi Bibi aliniita uani baada ya swala, giza bado lipo. Bata walikuwa wamejipanga mlangoni, wamezoea saa yao. Akanionyesha kipande cha tango: juu yake konokono watatu.

"Mume wangu, watu wameamka na njaa. Hawa watagawanaje?"

Kila bata mmoja, nikasema.

Akanitazama kwa huruma. Sasa nyuma ya nyumba, kivulini karibu na tuta la mchicha, kuna beseni la lita 40 lililofunikwa kipande cha chandarua kuzuia mbu. Ndani yake nimeweka konokono sita wa tangini, waliozaliwa humuhumu, na vipande vya tofali la chokaa. Jana jioni nilipopita nilikuta kipande cha mkate wa kumimina kinaelea juu ya maji.